Nguo ya Moto Haikunjwi

Saa moja na nusu asubuhi. Dirisha la kupokelea nguo bado limefungwa, na ndani ya duka la dobi kuna harufu ya sabuni iliyochanganyika na ya chai. Mama Ipoe anachovya kidole kwenye kikombe cha maji, anadondosha tone moja kwenye uso wa pasi, anatega sikio.

"Bado," anasema. Anasubiri kidogo, anadondosha jingine. Safari hii tone linaruka na kutoweka. "Haya, sasa imeamka."

Anavuta shati jeupe kutoka kwenye rundo. Kola kwanza, kutoka nchani kuingia katikati. Kisha mabega, kisha mikono, kifua, na mgongo mwisho. Dakika nne na ushei. Shati limenyooka, ungedhani limetoka kiwandani, lakini halikunjwi. Linatundikwa kwenye kiango cha waya juu ya kichwa chake, pamoja na mengine sita yanayofuka mvuke.

Mwandishi wa makala haya, aliyekuja na haraka zake na shati lililojaa makunyanzi, anauliza kwa nini lisikunjwe tu, lifungwe, kazi iishe. Anatazamwa kwa huruma.

"Nguo ya moto haikunjwi, mwanangu. Ukiikunja ikiwa na moto, ule mkunjo ndio umeupiga pasi. Hautoki tena. Iache ipoe, halafu ikunje unavyotaka."

Jina lake la utani limetoka hapo. Wateja wakija mbio, yeye husema iache ipoe. Dada wa kaunta akigombana na mchumba wake kwenye simu, husema iache ipoe. Hata mwenye duka, alipotaka kumfukuza fundi wa mabomba aliyeharibu bomba zima badala ya kulitengeneza, aliambiwa aiache ipoe. Akaiacha. Fundi akarudi kesho yake akatengeneza bure.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na miaka kumi na sita kati ya hiyo ameipitisha akisimama kwenye meza hii moja, karibu na dirisha. Kwa siku hupiga pasi nguo mia moja hivi, zaidi kidogo shule zikikaribia kufunguliwa. Miguu huvimba, na jioni huvua viatu njiani kama hakuna anayemtazama. Lakini huimba akifanya kazi, wimbo usio na maneno, na chai yake ya saa nne huinywa ameketi, polepole, hata rundo likiwa limefika dirishani.

"Mtu amekaa hapa amestarehe, utadhani duka ni lake," anasema mwenzake, mfuaji wa duka hilo, bwana mnene mwenye mikono iliyochujuka kwa maji, ambaye kila mtu humwita Povu. "Ungemwona miaka miwili iliyopita usingeamini ni huyu."

Miaka miwili iliyopita, Mama Ipoe alikuwa hawezi kutoka kwenye mlango huu. Na Jumamosi ya wiki hii, saa mbili asubuhi, anatakiwa kupanda treni, safari ya muda wa saa tisa nzima, kwenda kwa binti yake, kumwona mjukuu wa miezi minne ambaye mpaka sasa anamjua kwa picha za simu. Safari hiyo ameshaijaribu mara mbili tangu binti aolewe na kuhamia huko. Mara zote mbili ilimshinda.

Leo ni Jumatano. Duka zima linahesabu siku, ila hakuna anayesema kwa sauti.

*

Kisa chenyewe ni cha miaka kumi na tisa iliyopita. Wakati huo alikuwa akipiga pasi nyumbani, nguo za majirani, juu ya meza aliyoitandikia blanketi. Binti yake, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mama akatoka kuchota maji. Bombani akakutana na jirani, maneno mawili yakawa kumi, na pasi ilikuwa imebaki mezani, imelala kifudifudi, inawaka.

"Niliuona moshi ukitokea dirishani. Ndoo sijui niliitupa wapi," anasimulia, na mkono wake haukomi kutembea juu ya shati. "Blanketi lilikuwa limeungua, meza imetoboka. Mtoto alikuwa anakohoa tu. Hakuungua hata unywele. Nilimbeba nikatoka naye. Baada ya hapo sikumbuki chochote, mwanangu. Nakumbuka moshi."

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Ipoe alianza kushtuka kila siku. Mwanzoni alikuwa akirudi mara moja kuhakikisha pasi imechomolewa. Kisha mara mbili. Kisha akawa anafika kituoni anarudi, anafika kazini anarudi. Kuna mwezi ambao theluthi ya mshahara wake iliishia kwa waendesha pikipiki waliomrudisha nyumbani kutazama pasi iliyokuwa baridi tangu jana yake.

Mtu angeuliza, na mwandishi aliuliza: basi kwa nini achague kazi ya pasi?

Anacheka. "Kazini pasi ninaiona. Iko mkononi mwangu, haiwezi kunidanganya. Shida yangu ilikuwa ile nisiyoiona."

Ndiyo maana saa ya kufunga duka ilikuwa mateso. Wenzake walikuwa wakitoka, yeye anarudi ndani kugusa plagi. Wanafunga kufuli, anaomba lifunguliwe. Baadaye alinunua simu yenye kamera akadhani amepata dawa: akawa anapiga picha plagi ikiwa imechomolewa, ili akiwa njiani aitazame. Lakini wasiwasi una akili kuliko mwenye nao. Ulimwuliza, je, kama uliichomeka tena baada ya kupiga picha? Basi akapiga mbili. Akapiga tano. Simu ikafikisha picha elfu moja na mia mbili za plagi, bila hata moja ya mtu.

Siku ya mahafali ya binti yake chuoni, alitoka nyumbani asubuhi na mapema akiwa amependeza. Alirudi njiani mara tatu. Alipofika ukumbini, viti vilikuwa vinapangwa juu ya vingine na mfagiaji alikuwa ameshafika katikati. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi, joho mkononi, anamsubiri.

"Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu," anasema, na hapa pasi inasimama.

Treni nayo ilimshinda hivyo hivyo. Mara ya kwanza aliteremka kituo cha kwanza tu, akarudi kwa pikipiki na begi mapajani. Mara ya pili hakuvuka lango la nyumbani. Mumewe alimkuta amekaa kwenye begi, amevaa viatu vya safari, analia.

*

Mwokozi wa Mama Ipoe, kama ni lazima awepo, ni muuguzi mmoja wa kituo cha afya mwenye macho makali. Mama alikwenda kupima shinikizo la damu. Akiwa kwenye foleni akatoka kwenda nyumbani, akarudi. Akatoka tena, akarudi.

"Wengine walikuwa wanamgombeza kwa kupoteza nafasi," anakumbuka muuguzi huyo. "Mimi nikamwuliza tu: mama, umetoka mara mbili, ulikuwa unakwenda wapi? Akaanza kulia palepale. Akasema ni mara ya kwanza mtu kumwuliza anakwenda wapi. Wote humwuliza kwa nini anachelewa."

Akampeleka kwa mshauri wa afya ya akili, binti mdogo ambaye, kwa maneno ya Mama Ipoe, "nilipomwona nikasema huyu si ningemnyoa nywele mimi?" Lakini binti mdogo alijua kazi yake. Alimweleza kwamba wasiwasi wake ni ugonjwa unaojulikana, si uchawi wala upungufu wa imani, na kwamba unatibika pole pole. Alimweleza pia kwamba kila anaporudi kutazama pasi, wasiwasi unashiba na kesho yake unakuja na njaa kubwa zaidi.

"Akaniambia, ukija usiufukuze, usiutii. Ukae nao dakika kumi. Utaona unapungua wenyewe. Nikamwambia, kumbe kama nguo! Nguo ya moto haikunjwi. Akaandika kwenye daftari lake, na mimi nikajiona msomi."

Mshauri anakiri kwamba maneno hayo sasa anayatumia kwa wagonjwa wengine. "Dakika kumi za kwanza alikaa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili," anasema. "Jasho lilimtoka. Ya kumi na moja akaniuliza kama nina chai."

Picha za plagi zilifutwa kwenye ofisi ya mshauri, mia mia, kwa wiki kadhaa. Mama Ipoe anasema alisikia uchungu kama anamzika mtu. Nafasi hiyo ya simu sasa ni ya mjukuu. Humwonyesha kila mteja, atake asitake: mjukuu anapiga miayo, mjukuu anatazama dari, mjukuu ameshika kidole cha mtu asiyejulikana.

Mume wake, seremala aliyestaafu, naye alipewa kazi yake, na anaapa ilikuwa ngumu kuliko kabati lolote alilowahi kutengeneza. Kwa miaka mingi, mkewe alipomwuliza usiku kama pasi imezimwa, alijibu kwa upole, "Imezimwa, nimeangalia mwenyewe." Wakati mwingine mara ishirini kabla ya kulala. Mshauri akamwambia upole huo ndio maji yanayoumwagilia ugonjwa.

"Nikaambiwa nijibu mara moja tu, halafu ninyamaze," anasema mzee huyo. "Mwanamke uliyeishi naye miaka ishirini na saba anakuuliza swali anatetemeka, na wewe unatazama ukuta. Wiki ya kwanza nililala sebuleni. Si kwa ugomvi. Nilihofia kuropoka."

Dukani, Povu alibuni njia yake. Kila jioni pasi husimamishwa mstari mmoja kwenye kizingiti cha saruji karibu na mlango, nyaya zimezungushwa, plagi zikitazama juu. Mama Ipoe husema kwa sauti, "Imelala!" Povu hujibu, "Usingizi mwema!" Mara moja tu. Mwanzoni, akiuliza tena, Povu alikuwa akimjibu habari za mbuzi wa shemeji yake.

"Mbuzi yule hayupo," anakiri Povu. "Ila nilimsimulia miezi sita. Alizaa, akaibwa, akarudi. Siku Mama Ipoe aliposema 'basi, nimechoka na mbuzi wako,' nikajua tunapona."

Siku hizi dada wa kaunta na mwenye duka nao husema "imelala" wakifunga kompyuta na kasha la pesa. Imekuwa desturi ya nyumba. Mama Ipoe mwenyewe hasemi kwamba amepona.

"Wasiwasi bado unakuja. Unabisha hodi, nauambia karibu, kaa pale. Mimi naendelea na kola zangu. Zamani ulikuwa unakaa kitini, mimi nasimama."

*

Alhamisi mchana unafika mzigo wa mwisho wa wiki: majoho thelathini na sita ya kwaya, ya rangi nyekundu iliyoiva, kitambaa kizito. Kwaya ina tamasha Jumapili, na mwenye mzigo atayachukua Jumamosi adhuhuri. Majoho yameshafuliwa na kukauka. Yanasubiri pasi tu.

Mama Ipoe anayaanza kwa furaha, kwa sababu anapenda kitambaa kizito. Saa nane simu yake inalia. Binti yake ametuma video ya sekunde kumi na moja: mjukuu anacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza. Video inatazamwa mezani, kaunta, kwenye mabeseni. Mteja aliyekuja kuchukua suruali anaonyeshwa mara mbili. Mama Ipoe anarudi kwenye majoho, wimbo wake usio na maneno umekaribia kupata maneno, na kufikia saa kumi na mbili kasoro yote thelathini na sita yamekwisha, yamekunjwa, yamepangwa kwenye maboksi mawili na kufungwa kwa utepe wa gundi.

"Imelala!"

"Usingizi mwema!"

Ijumaa asubuhi mwenye duka anafungua boksi moja ili ahesabu, na badala ya kuhesabu anamwita dada wa kaunta. Dada anatazama, naye anamwita Povu. Povu anafika na mikono inadondosha maji.

Mbele ya kila joho, kutoka shingoni hadi kwenye pindo, kuna mstari mnyoofu mkali, na mwingine unaukata katikati. Boksi la pili ni hivyo hivyo. Majoho yote thelathini na sita yamekunjwa yakiwa na moto.

"Kinyozi hajinyoi," ananong'ona Povu, na mara moja anajuta.

Mama Ipoe anashika joho la juu, anapitisha kidole kwenye mkunjo. Uso wake umebadilika. Mwandishi alikuwa amesimuliwa habari za mwanamke wa miaka miwili iliyopita. Sasa anamwona.

"Kama nimesahau hili," anasema taratibu, "nimesahau mangapi? Jana usiku nyumbani nilipiga pasi gauni la safari. Mimi huyu huyu." Anatazama mlango. "Siendi. Mpigieni mwanangu, mwambieni siendi."

Hakuna anayempigia. Mwenye duka anavuta kigoda, anakiweka karibu na meza yake, na kutazama saa ya ukutani. Mama Ipoe anaketi. Povu anasimama karibu yake bila kusema neno, jambo ambalo dada wa kaunta anasema hajawahi kuliona. Nje mteja anabisha dirishani, anaambiwa asubiri. Dakika zinakwenda. Ya sita, ya saba, mikono ya mama imebana kingo za kigoda. Ya tisa anafuta uso kwa kitambaa cha kukingia nguo nyeusi zisiungue na pasi. Ya kumi na moja anacheka, cheko dogo la puani.

"Unajua nini?" anasema. "Maisha yangu yote nimeharibu vitu kwa hofu. Hii ndiyo mara ya kwanza naharibu kwa furaha."

Anachovya kidole kwenye kikombe.

Mkunjo uliopigwa pasi hautoki kirahisi. Kila joho linapaswa kuloweshwa ukungu wa maji, kukandamizwa kwa kitambaa chenye unyevu, kupigwa upya, kisha kutundikwa. Ni dakika ishirini kwa joho moja. Duka linapokea nguo nyingine chache tu siku hiyo, na viango vinajaa wekundu mpaka dada wa kaunta anapita ameinama. Chai ya saa nne inanywewa, ameketi, kama kawaida. Mwandishi alitaka kuipa kazi hiyo alama, kama mwalimu, akajizuia.

Saa kumi na mbili jioni, majoho ishirini na matano yako tayari. Kumi na moja yamebaki.

"Nitakesha," anasema Mama Ipoe. "Nikimaliza naunganisha stesheni."

"Hukeshi," anasema Povu. "Hizi kumi na moja ni zangu. Nitapiga tatu sasa, nane kesho asubuhi. Mwenye mzigo anakuja adhuhuri."

Hapa inabidi kusema ukweli kuhusu Povu na pasi. Ni mfuaji hodari, hakuna doa linalomshinda, lakini akipiga pasi suruali inatoka na mistari mitatu. Mama Ipoe anajua. Povu mwenyewe anajua.

"Zitakuwa na makosa," anasema mama.

"Zitakuwa na makosa. Wale watu wanakwenda kuimba, dada. Hao wa nyuma nani atawaona?"

"Kola kwanza."

"Najua kola."

"Kutoka nchani."

"Dada. Najua."

Mama Ipoe anasimama na pasi mkononi kwa muda. Ukimtazama utadhani anapima uzito wake. Kisha anaigeuza mpini kumwelekea mwenzake. Povu anaipokea. Ina moto, taa yake nyekundu inawaka, na joho la ishirini na sita liko mezani.

Anavaa viatu. Anachukua mkoba. Pale kwenye kizingiti cha saruji, mahali pa kusema neno la jioni, anasita. Leo hakuna cha kulaza.

"Nitailaza mwenyewe," anasema Povu bila kugeuka. "Nenda."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mwanamke huyu anatoka mlangoni huku nyuma yake pasi inawaka. Mwandishi anatembea naye hadi njia panda. Hapo anasimama, na mwandishi anasimama pia, moyo juu. Lakini amesimama kuvua viatu tu.

*

Jumamosi, stesheni, saa mbili kasoro dakika ishirini. Mama Ipoe amevaa gauni la kijani lililonyooka. Amebeba begi moja na mfuko wa nguo za mtoto. Mumewe amebeba tiketi, kwa sababu anasema ndicho kitu pekee anachoaminiwa nacho.

Anasimulia kwamba asubuhi mkewe alipitisha tena pasi kwenye gauni, akaichomoa, akasema "imelala", naye akajibu "usingizi mwema". Basi. Wakafunga mlango mara moja tu.

Treni inapopiga honi ya kwanza, mama anamgeukia.

"Hivi Mzee, ile pasi..."

Mzee anainua macho kutazama paa la stesheni na kuanza kupiga mluzi. Anapiga vibaya sana. Mkewe anamtazama, mdomo ukiwa wazi, na swali lake linageuka kicheko ambacho kinawafanya abiria wawili wageuke. Anampiga begani kwa mkoba, anachukua tiketi, anapanda.

Dirishani, mwandishi anamwuliza atafanya nini akifika. Hajafikiri sana, kwa sababu jibu analo siku nyingi.

"Nitakaa wiki mbili. Nitambeba mpaka anichoke. Lakini kuna kitu kimoja nakitaka." Anashusha sauti, ingawa mumewe yuko mbali anazungumza na mlinzi wa treni. "Nataka siku moja mtoto awe amelala chumbani, na mimi nipige pasi nguo zake humo humo ndani. Nizime. Nitoke nje nikakae na mwanangu. Nisirudi kutazama. Hicho tu."

Treni inaondoka. Mzee anabaki anapunga mkono hata pasipokuwa na wa kupungiwa. Kituo cha kwanza kiko dakika kumi na nane mbele, kile kile alichoteremka mara ya kwanza. Anatazama saa yake. Dakika ya ishirini na tano inapita, simu haijalia. Anakwenda kununua gazeti ambalo halisomi.

Binti alikuwa ameongea na mwandishi kwa simu siku moja kabla. Aliulizwa kuhusu siku ile ya moshi, maana ni yeye aliyekuwa nyuma ya pazia.

"Moshi siukumbuki," alisema. "Kweli kabisa. Nakumbuka mama alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa, tukaenda dukani, akaninunulia soda. Chupa nzima, peke yangu. Nilikuwa sijawahi kupewa chupa nzima. Yeye analia, mimi nakunywa. Ndiyo siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, na sijawahi kumwambia, kwa sababu kila nikitaja siku hiyo anaanza kutetemeka. Nitamwambia akifika. Akifika."

*

Jumatatu, saa tisa mchana, simu ya kaunta inalia. Majoho yalishaondoka Jumamosi adhuhuri, kumi na moja kati yake yakiwa na mistari ya Povu, na hakuna mwimbaji aliyelalamika. Povu anaitwa, anafuta mikono kwenye aproni, anashika simu kwa vidole viwili. Anasikiliza.

"Usingizi mwema," anasema.

Anasikiliza tena kidogo, kisha anarudisha simu mahali pake na kusimama akiitazama.

Mwandishi anauliza: kasema nini?

"Kasema imelala. Mtoto yuko ndani, na nguo zake zinapoa kwenye kamba."

Na hakuuliza mara ya pili?

"Hakuuliza chochote." Povu anarudi kwenye mabeseni yake, anakunja mikono ya shati. "Nilitaka kumpa habari za mbuzi, akanikatia simu. Yuko nje na binti yake. Anasema wamefungua soda, kila mtu chupa yake nzima."